Kiasi cha Yerba Mate na Haki ya Usingizi

Swali la kiasi gani cha chai ya yerba mate kinafaa kunywewa kwa siku huonekana, likitazamwa juu juu, kuwa la tabibu peke yake, na kwa hakika lina sehemu ya kitabibu ambayo mtu mwenye busara hawezi kuiruka. Hata hivyo, anayeliuliza kwa dhati hatosheki na tarakimu, kwani anatafuta namna ya kuishi vyema na kitu ambacho dini yake haikukiharamisha, ambacho sheria ya nchi haikukikataza, ambacho humchangamsha asubuhi na ambacho, kikivuka mpaka fulani, humnyima usiku wake. Kwa sababu hiyo swali linaingia katika elimu ya maadili, yaani tawi la falsafa na la dini linalochunguza jinsi binadamu anavyopaswa kuzitawala tamaa zake, na linastahili kupewa uzito uleule ambao wanazuoni wa zamani waliupa mzozo wa kahawa.

Yerba mate ni majani makavu yaliyopondwa ya mti ambao mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Auguste de Saint-Hilaire, aliupa mwaka 1822 jina la kisayansi la Ilex paraguariensis, nao humea Paraguay, kusini mwa Brazil na kaskazini-mashariki mwa Argentina, ambako Waguarani walikuwa wakiyatumia majani hayo kabla Wahispania hawajafika. Majani hutiwa ndani ya kibuyu kidogo, humwagiwa maji ya moto, na maji hayo hufyonzwa kwa mrija wa chuma wenye kichujio upande wa chini. Yakiisha, hutiwa mengine juu ya majani yaleyale, mara kumi au zaidi, mpaka ladha ififie. Katika desturi ya Argentina na Uruguay kibuyu kimoja huzungushwa kwa watu wote waliokaa pamoja, na mmoja wao huwa ndiye mwenye kazi ya kutia maji na kumpa kila mtu kwa zamu.

Kinywaji hiki kimefika North York, sehemu ya kaskazini ya Toronto iliyokuwa na serikali yake ya mji hadi tarehe 1 Januari 1998, kwa njia mbili zilizotoka mbalimbali. Ya kwanza ni ya wahamiaji wa Amerika ya Kusini wenyewe, ambao wengi wao walipanga upande wa magharibi, karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch. Ya pili ina mzunguko mrefu zaidi, nayo ndiyo inayomgusa msomaji wa Kiswahili. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 watu wengi wa Syria na Lebanoni walihamia Argentina, na baadhi yao waliporejea kwao walirejea na mazoea ya yerba, hata ikawa kwamba Syria kwa miaka mingi ndiyo mnunuzi mkubwa wa yerba ya Argentina nje ya bara lile. Mazoea hayo yalishika mizizi kwa Wadruze wa Suwayda, kwa Waalawi wa pwani, na vilevile katika Salamiyah, mji wa mkoa wa Hama ambao tangu kale ni makao ya Waismailia, yaani Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan kama imamu wao.

Waismailia wa Salamiyah ni ndugu wa imani wa Waismailia wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, ambao maelfu kati yao walihamia Kanada, hasa baada ya Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka nchini. Kituo cha Ismailia kilichosanifiwa na Charles Correa, pamoja na Makumbusho ya Aga Khan yaliyosanifiwa na Fumihiko Maki, vilifunguliwa Septemba 2014 kando ya Wynford Drive, jirani na mtaa wa Flemingdon Park, katika eneo lililokuwa la North York. Na kwa kuwa Kanada iliwapokea wakimbizi wa Syria zaidi ya 25,000 kati ya Novemba 2015 na mwisho wa Februari 2016, mzee aliyezaliwa Kampala, aliyelelewa kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki na ambaye Kiswahili chake bado kiko ulimini, anaweza leo kukaa meza moja na mtu wa Salamiyah mwenye gilasi ya yerba mbele yake, wote wakiwa watu wa jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia. Wawili hao wana imani moja na mji mmoja, lakini hawana kipimo kimoja cha kile wanachokunywa, na hapo ndipo tatizo la kuhesabu linapoanza.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea kinywaji ambacho chombo chake kinampimia. Kahawa chungu ya barazani hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na aliyekunywa vitatu anajua kuwa amekunywa vitatu. Yerba haina hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa gilasi au kibuyu hujazwa upya juu ya majani yaleyale, na mnywaji anayesema amekunywa “kimoja” huenda amekunywa lita nzima. Kinachopaswa kupimwa, basi, ni uzito wa majani makavu yanayotumika kwa siku. Majani hayo kwa kawaida huwa na kafeini, kile kiini cha kuchangamsha kilichomo pia katika kahawa na chai, kwa kadiri ya asilimia 1 ya uzito wake, na pengine kupita hapo. Kwa hiyo kibuyu kilichojazwa gramu 50 kina miligramu 500 za kafeini au zaidi, na ingawa maji hayaivuti yote, mtu anayerudia kutia maji ya moto kutwa nzima huivuta sehemu kubwa.

Wizara ya Afya ya Kanada inawashauri watu wazima wenye afya wasivuke miligramu 400 za kafeini kwa siku kutoka katika vyakula na vinywaji vyote kwa jumla, na wanawake wajawazito, wanaonyonyesha au wanaopanga kushika mimba wasivuke 300, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba kwa wajawazito mpaka uwe 200. Kwa mtoto, Kanada inaweka miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya miligramu 50, ambazo zimo ndani ya gramu 5 tu za majani. Kutokana na tarakimu hizi inawezekana kusema, bila kujidai usahihi wa maabara, kwamba mtu mzima mwenye afya anayetumia gramu 25 za majani kwa siku amebaki ndani ya mpaka na bado ana nafasi ya kikombe cha chai ya rangi, na kwamba anayetumia gramu 50 kila siku, huku akinywa na kahawa kazini, yumkini ameshauvuka. Mjamzito ambaye angependa kufuata ushauri ulio mkali zaidi angeshuka hadi gramu 10 au 15.

Liko jambo la pili la kitabibu ambalo idadi hailigusi hata kidogo, nalo ni moto wa kinywaji. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, lilitangaza mwaka 1991 kwamba yerba inayonywewa ikiwa ya moto huenda husababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo. Mwaka 2016 likarekebisha hukumu hiyo na kusema kwamba shaka iko katika kinywaji chochote cha moto sana, kinachozidi nyuzijoto 65 za Selsiasi, na kwamba yerba isiyo ya moto sana haina ushahidi wa kutosha wa kuihukumu. Utafiti uliofanyika jimbo la Golestan nchini Iran na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuwa tayari umeihusisha chai ya moto mno na saratani hiyohiyo, habari isiyo ya mbali kwa North York, ambako Wairani wamejenga maisha yao kando ya Yonge Street. Wala si ya mbali kwa Waafrika Mashariki, kwani saratani ya umio imeenea katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Afrika ya Kusini, na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta kwamba watu huianza ingali na joto la nyuzi 70 hivi. Majani mengi ya yerba, zaidi ya hayo, hukaushwa kwa moshi wa kuni, na moshi huacha ndani yake baadhi ya kemikali zilezile za moshi wa tumbaku. Anayetaka kutunza umio wake wakati wa majira ya baridi ya Toronto, ambapo hamu ya kitu cha moto huwa kubwa, angepata faida zaidi kwa kusubiri dakika kadhaa na kwa kutafuta majani yasiyokaushwa kwa moshi kuliko kwa kupunguza gramu tano.

Mtu angeweza kuishia hapo akaridhika. Lakini hesabu iliyotolewa ina udhaifu ambao Aristotle aliuona zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba fadhila, yaani tabia njema iliyokomaa ndani ya mtu, hukaa katikati ya kuzidisha na kupunguza, kisha anaonya papo hapo kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kugawanya kwa mbili: ikiwa chakula cha mina kumi (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki) ni kingi mno na cha mina mbili ni kidogo mno, mkufunzi wa mieleka hatawapa wanafunzi wote sita, kwa sababu sita kwa Milo, bingwa wa mieleka, ni chache, na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Mwili unamthibitisha Aristotle kwa namna ya ajabu. Kafeini hubaki mwilini kwa muda unaotofautiana sana kati ya watu: kwa wengi nusu yake huondoka baada ya saa tano hivi, kwa mvutaji sigara huondoka haraka zaidi, na kwa mjamzito katika miezi ya mwisho huchukua saa nyingi kupita hizo. Kibuyu kilekile, cha saa kumi jioni, kitakuwa kimemtoka mmoja kabla ya kulala na kitakuwa bado kinamtawala mwingine usiku wa manane. Mpaka wa miligramu 400 ni wa lazima kwa serikali inayoongea na mamilioni ya watu isiowajua, na hakuna haja ya kuubeza. Ila mtu anayejijua anahitaji kitu zaidi.

Fundisho hilo la katikati liliingia katika Uislamu kupitia mwanafalsafa Miskawayh na kitabu chake Tahdhib al-Akhlaq, na kutoka kwake likafika kwa Nasir al-Din Tusi, ambaye mwaka 1235 hivi aliandika Akhlaq-i Nasiri kwa ajili ya gavana wa Kiismailia wa Quhistan, katika Iran ya mashariki, mahali ambapo Tusi mwenyewe alikuwa akiishi chini ya hifadhi ya Waismailia. Kitabu hicho, ambacho kimejikita ndani ya urithi wa watu wale wa Wynford Drive, kinaitaja iffa, yaani kujizuia kwenye matamanio, kuwa miongoni mwa fadhila nne kuu, na kinaiweka kati ya maovu mawili: ulafi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili khumud, yaani kuzimika kwa hamu kiasi cha mtu kujinyima hata kile ambacho akili na sheria zimempa. Upande huu wa pili husahauliwa mno na wahubiri wa kujinyima. Tusi angemwona mtu anayeogopa gilasi moja ya yerba mbele ya wageni wake kuwa naye ana kasoro, japo si kasoro ya mlafi.

Wapo waumini makini wasioukubali mpango huu wa katikati, na hoja yao inastahili kusikilizwa kwa heshima. Mafundisho ya Kanisa la Waadventista Wasabato, lenye waumini wengi Kisii, Upareni na kando ya Ziwa Viktoria, yanawashauri watu waache chai na kahawa, kwa kufuata fikira za Ellen White, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1915, ambaye aliona kwamba vitu viko mafungu mawili, vinavyodhuru na vinavyojenga, na kwamba kiasi kinahusu fungu la pili peke yake, kwa kuwa la kwanza huachwa lote. Kwa mtazamo huo, kile kiasi ambacho Mtume Paulo anakihesabu kati ya matunda ya Roho katika Waraka kwa Wagalatia, kikielekezwa kwenye yerba, ni sifuri. Jibu la kwanza kwa hoja hii ni kwamba mafungu yale mawili hayajitengi kwa urahisi, maana maji yenyewe hudhuru yakizidi, na madhara ya yerba iliyopoa, kwa kiasi kidogo na kwa mtu mzima mwenye afya, hayajathibitika. Hata hivyo ndani ya hoja ya Waadventista mna jambo ambalo wanafalsafa wa katikati hawana budi kulipokea, nalo ni kwamba mtu hupoteza mamlaka juu ya kitu muda mrefu kabla ya kitu hicho kumuumiza. Anayetumia gramu 20 bila uwezo wa kuziacha amezidisha kwa maana ambayo mizani ya jikoni haiwezi kuionyesha.

Uislamu ulilazimika kulikabili swali hili mapema, kwa sababu kahawa ilizaliwa ndani yake. Masufi wa Yemen, yaani Waislamu wa njia ya kiroho, waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na ilipofika Makka mwaka 1511 msimamizi wa masoko na maadili, Khair Beg, aliwakusanya wanasheria na matabibu, akapata hukumu ya kuikataza, na kahawa ikachomwa moto, ingawa wakubwa wa Cairo hawakuiunga mkono hukumu hiyo yote na katazo halikudumu. Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika habari za mzozo huo katika karne hiyohiyo, anaonyesha kuwa wanasheria walikuwa na maswali mawili mikononi: kwanza, je, kinywaji kinalevya, na pili, je, kinadhuru? Kwa kuwa haikuthibitika kwamba kahawa inalevya, kanuni ya kwamba asili ya vitu ni uhalali ilishinda, na kahawa ikasafiri pamoja na masharifu wa Hadhramaut hadi Lamu, Mombasa na Unguja, ambako leo hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kushukiwa. Mirungi haikubahatika hivyo. Ibn Hajar al-Haytami, mwanasheria wa Makka wa karne ya 16, aliiandikia risala akashauri watu wajiepushe nayo kwa ajili ya shaka, na Kanada iliiweka katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwaka 1997.

Maswali yale mawili ya Makka, pamoja na uzuri wake, hayaitoshelezi yerba. Kipimo cha ulevi kinachunguza kama akili imeondoka, na kinywaji cha kuchangamsha kinaiongeza akili makali, angalau kwa saa chache. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliingia katika ugumu huohuo alipoandika, mwaka 1797, kwamba ubaya wa kuzidisha kula na kunywa hautokani na maumivu ya mwili yanayofuata, kwa kuwa hayo ni mambo ya tahadhari tu, na kwamba unatokana na mtu kujiondolea uwezo wa kuzitumia nguvu zake kwa makusudi. Hoja hiyo inamkamata mlevi na aliyevimbiwa, ila inamwachia njia mtu aliyekunywa yerba lita mbili akaandika usiku kucha, ambaye nguvu zake zote ziko macho. Ikiwa ametenda kosa, kosa lake liko mahali ambapo Kant hakupatafuta.

Mahali hapo ni usingizi. Ubongo, kwa muda wote mtu awapo macho, hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo mtu anavyosikia uzito wa kulala. Kafeini huenda kukaa katika vipokezi vya adenosini, yaani milango midogo ya seli ambamo ujumbe wa uchovu hupokelewa, ikaizuia isiingie. Uchovu haujaondoka, wala mwili haujapata nguvu mpya. Kilichotokea ni kwamba mwenye mwili hapashwi tena habari zake. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa ya kimaadili kati ya kileo na kichangamshi: kileo humfanya mtu asiujue ulimwengu ulivyo, na kichangamshi humfanya asijijue yeye alivyo. Kufichiwa hali yako kwa saa mbili, kwa sababu unayoijua, si jambo la kulaumiwa, kama ambavyo hakuna anayemlaumu mgonjwa kwa kumeza dawa ya maumivu. Lakini kuishi miaka bila kuwahi kusikia uchovu wako wenyewe ni aina ya uongo ambao mtu anajiambia kila asubuhi, na uongo huo una gharama yake kwa moyo, kwa kumbukumbu na kwa watu wa nyumbani.

Kisa cha maswahaba Salman na Abu Dardaa, kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari, kinaligusa jambo hili kwa karibu kuliko maandishi yote juu ya kahawa. Salman alimtembelea ndugu yake katika imani akamkuta anafunga mchana na kusali usiku kucha huku amempuuza mkewe. Akamlazimisha kula, akamlazimisha kulala mpaka sehemu ya mwisho ya usiku, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, na Mtume Muhammad alipopelekewa habari alimthibitisha Salman. Uzito wa kisa umo katika jambo ambalo usingizi ulikuwa ukinyimwa kwa ajili yake: haikuwa starehe, ilikuwa ibada. Kanuni ya wanasheria inasema kwamba njia hubeba hukumu ya makusudio, na kwa kanuni hiyo kahawa ya Masufi ilitukuzwa kwa sababu ilikuwa njia ya dhikri; Salman anaonyesha kwamba hata kusudio tukufu lina ukingo, na ukingo huo ni haki ya mwili. Aya ya 31 ya Surat al-A‘raf, inayoruhusu kula na kunywa na kukataza israfu, yaani kupita kiasi, yafaa isomwe sambamba na kisa hiki, kwa kuwa israfu ya yerba haiko sana katika majani yanayotumika, iko katika usiku unaoteketezwa.

Kutokana na hayo kipimo kinaweza kutajwa waziwazi. Yerba inayofaa kwa siku ni ile ambayo, ndani ya mipaka ya gramu na ya joto iliyokwisha kuelezwa, haimnyang’anyi mtu usingizi wake wala haimfichi kwa muda mrefu kwamba amechoka. Kwa walio wengi maana yake ni kuinywa asubuhi na kuiweka kando baada ya adhuhuri, na kwa mwenye mwili mwepesi wa kusisimka maana yake ni gilasi moja tu. Jaribio lake ni siku za kutokunywa. Funga, iwe ya Ramadhani au ya Kwaresima, humwonyesha mtu jinsi alivyofungamana na kinywaji chake, kwani anayeacha kafeini ghafla huumwa kichwa ndani ya siku moja au mbili, na Waislamu wengi wa Toronto wanaoumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani hudhani ni njaa. Anayejua hivyo hupunguza kidogo kidogo katika mwezi wa Shaabani. Na anayegundua kwamba hawezi kupunguza amepata habari yenye thamani kuliko tarakimu ya Wizara.

Kinachobaki ni kigumu zaidi, na mwandishi wa maadili anayekipita kimya anawadhulumu watu wengi wa North York. Wako wanaokunywa kwa sababu ya zamu: mwangalizi wa wazee anayeingia kazini saa tano usiku, mpakiaji wa ghala, dereva, mama anayetoka kazi moja na kupanda basi namba 320 la usiku la Yonge Street kuelekea nyingine. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba asinywe baada ya adhuhuri ni kutomwona. Yerba yenyewe ina historia ya uchungu katika jambo hili, kwa kuwa vibarua wa mashamba ya yerba ya Paraguay na ya Misiones nchini Argentina, waliofungwa kwa madeni wasiyoweza kuyalipa, walibebeshwa mizigo ya majani msituni mpaka wengine wakafa, kama mwandishi Rafael Barrett alivyoeleza katika makala alizochapisha Asunción mwaka 1908. Watu walionyimwa mapumziko walivuna majani ya kuwasaidia watu wengine wasipumzike. Masufi wa Yemen walichagua wenyewe kukesha, nao walikesha pamoja, na asubuhi hakuna aliyewadai. Anayekesha kwa ujira hakuchagua saa zake, na kadiri kinywaji kinavyomsaidia kuzistahimili, ndivyo anavyozidi kupangiwa saa hizohizo.

Kwa mtu huyo ushauri wa haki ni mdogo na wa kweli: anywe mwanzoni mwa zamu na si mwishoni, aache saa sita kabla ya muda wake wa kulala hata kama muda huo ni saa nne asubuhi, apime majani badala ya kuhesabu vikombe, na watu wa nyumbani wamlindie usingizi wa mchana kwa kuzuia simu na wageni. Zaidi ya hapo swali linavuka uwezo wake yeye peke yake. Tusi aliligawa Akhlaq-i Nasiri katika sehemu tatu, ya kwanza juu ya nafsi ya mtu, ya pili juu ya uendeshaji wa nyumba na ya tatu juu ya utawala wa mji, na kwa mwangalizi wa wazee wa zamu ya usiku, kiasi cha yerba kinajadiliwa kidogo katika sehemu ya kwanza na kwa urefu zaidi katika hizo mbili zinazofuata.